Matairi ya baridi kwa gari dogo jepesi: mwongozo kwa wanaoendesha Uswidi

Kama unaishi Uswidi na unaendesha Yaris, Aygo, Swift, Picanto au Volkswagen up!, huenda umeshaambiwa kwamba gari lako ni jepesi mno kwa theluji na kwamba dawa yake ni gari kubwa linalovuta magurudumu yote manne. Usikimbilie kukopa. Gari zito hukandamiza barabara kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini nalo lina uzito mkubwa zaidi wa kusimamisha, na mambo hayo mawili hufutana. Kuvuta kwa magurudumu manne husaidia kuondoka pale uliponasa. Breki zikishikwa, hakusaidii kitu. Kinachosimamisha gari ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja takriban ukubwa wa kiganja. Gari dogo lenye matairi sahihi litasimama mapema kuliko gari kubwa lenye matairi mabovu.

Udhaifu wa kweli wa gari jepesi uko mahali pamoja, kwenye lile tope la theluji iliyoanza kuyeyuka, na nitalieleza tukifika kwenye saizi. Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe huwagharimu fedha zaidi kuliko kufanya sawasawa.

Hatua ya 1: Ijue sheria, kisha ijue baridi ya mahali unapoishi

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, kukiwa na hali ya baridi barabarani, gari la abiria lazima liwe na matairi ya baridi yenye meno ya kina kisichopungua milimita 3. Hali ya baridi maana yake ni theluji, barafu, tope la theluji au sakitu kwenye sehemu yoyote ya barabara, na askari ndiye anayeamua kama hali hiyo ipo. Tairi lisilo na misumari ni lazima liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena tangu Desemba 2024, kwa hiyo kuwa mwangalifu na matairi ya zamani yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Matairi ya misumari yanaruhusiwa kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili, na ukiyafunga lazima yawe yote manne.

Sheria ni ile ile nchi nzima, lakini baridi haifanani. Malmö na Skåne yote hupata mvua nyingi, joto likichezea karibu na sifuri, na theluji hukaa siku chache. Umeå na Luleå hupata baridi kavu ya muda mrefu, na barabara hubaki na theluji iliyoshindiliwa. Stockholm na miji ya katikati iko njia panda: leo mvua, usiku inaganda, asubuhi unakuta lami iliyofunikwa na barafu nyembamba usiyoiona.

Hili la sifuri lishike vizuri, kwa sababu sisi tuliotoka kwenye joto tunadhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo barabara inavyozidi kuteleza. Sivyo. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu na ngumu, na mpira mzuri huishika kiasi. Barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, na hiyo ndiyo inayoua. Mtu wa Stockholm anaweza kukutana na hatari hiyo mara nyingi zaidi kuliko mtu wa Luleå.

Hatua ya 2: Chagua aina ya tairi

Dukani kuna aina nne, na muuzaji asipokuuliza unaishi wapi na unaendesha wapi, mweleze mwenyewe kabla hajakutajia bei.

Ya kwanza ni matairi ya misumari, wenyewe wanayaita dubbdäck. Vijiti vya chuma vilivyopandwa kwenye mpira huchimba barafu, na nguvu yake huonekana hasa kwenye barafu yenye unyevu karibu na sifuri. Ubaya wake ni kelele, ambayo kwenye gari dogo husikika zaidi kwa sababu halina vizuia sauti vingi. Pia hukwangua lami na kurusha vumbi laini linaloumiza mapafu. Ndiyo maana Stockholm iliyapiga marufuku kwenye mtaa wa Hornsgatan tangu mwaka 2010, na mitaa mingine ikafuata. Kama nyumba yako au kazi yako iko mtaa wa namna hiyo, jambo limeshaamuliwa.

Ya pili ni matairi ya Kinodiki, yaani ya nchi za kaskazini mwa Ulaya, yasiyo na misumari, friktionsdäck. Mpira wake ni laini sana na kila jino lina mipasuo mingi myembamba inayofunguka na kung'ang'ania barafu. Japani walifika huko kwa njia yao: sheria ya mwaka 1990 ilizuia misumari kwa sababu ya vumbi, na viwanda vikalazimika kutengeneza tairi linaloshika bila chuma. Kama umewahi kuona neno STUDLESS kwenye tairi la gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, ni jamii hiyo hiyo.

Ya tatu ni matairi ya baridi ya Ulaya ya kati, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani na majirani zake. Mpira wake ni mgumu kidogo kuliko wa Kinodiki, mifereji yake hutoa maji vizuri, na kwenye lami yenye mvua hufunga breki vizuri zaidi. Lakini kwenye barafu huachwa mbali. Haya nayo yana alama ya mlima na theluji, maana jaribio la alama hiyo hufanywa kwenye theluji iliyoshindiliwa, wala si kwenye barafu. Kwa hiyo alama inakuhakikishia sheria, haikuhakikishii barafu.

Ya nne ni matairi ya misimu yote. Kwa gari linalozunguka Malmö mjini tu yanaweza kutosha yakiwa na ile alama. Kaskazini ya hapo siyashauri, na kwa anayebeba watoto kwenda shule kila asubuhi nasema wazi kabisa asiyanunue.

Ushauri wangu kwa gari jepesi ni huu. Ukiishi Skåne au pwani ya magharibi na safari zako ni za mjini na barabara kuu, chukua ya Ulaya ya kati au ya Kinodiki yasiyo na misumari, kutegemea unaenda bara mara ngapi. Ukiishi Stockholm, Uppsala au Örebro na barabara zako ni zile zinazosafishwa mapema, ya Kinodiki yasiyo na misumari yanakutosha. Ukiishi kijijini, au unaanza zamu ya usiku hospitalini au kwenye nyumba ya wazee kabla magari ya chumvi hayajapita, chukua ya misumari popote ulipo. Wengi wetu tunafanya kazi za saa hizo, na barabara ya saa kumi alfajiri si ile ya saa mbili asubuhi.

Hatua ya 3: Saizi, na hapa usikubali kushawishiwa

Mtu akitaka usalama huona kwamba tairi pana ndilo linaloshika zaidi. Kwenye lami kavu ya kiangazi ana hoja. Kwenye tope la theluji, kwa gari dogo, ni kinyume chake.

Angalia kinachotokea. Tope la theluji limelala barabarani kwa kina cha sentimita kadhaa, zito na limejaa maji. Tairi likilifikia lina njia mbili tu: kulisukuma pembeni hadi liguse lami, au kupanda juu yake. Tairi pana lina tope jingi zaidi la kusukuma kwa wakati mmoja. Gari likiwa jepesi hakuna uzito wa kutosha wa kulishindilia, basi tairi linapanda na gari linaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari halisikii. Tairi jembamba hukusanya uzito huo huo mdogo kwenye njia finyu, likalikata tope hadi chini. Hivyo kwa gari la kilo 1,000 kanuni ni rahisi: chukua saizi nyembamba kuliko zote ambazo gari lako limeruhusiwa kutumia.

Utaijuaje? Kwanza kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, kinachoonyesha saizi na upepo. Pili, mamlaka ya usafiri, Transportstyrelsen, ina huduma mtandaoni ambako unaingiza namba ya gari na kupata taarifa zake za kiufundi, saizi ya matairi ikiwamo. Kitabu cha gari nacho mara nyingi huorodhesha saizi zaidi ya moja.

Tuchukue Yaris iliyouzwa Ulaya kuanzia 2011 hadi 2020, ambayo nyumbani tunaijua kwa jina la Vitz. Yenye rimu za urembo huja na 195/50R16, yaani upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ndugu yake wa bei nafuu huja na 175/65R15. Piga hesabu ya kimo cha tairi zima: rimu ya inchi 16 ni milimita 406, ongeza ubavu mara mbili (nusu ya 195, mara mbili, ni 195), unapata 601. Rimu ya inchi 15 ni 381, ongeza asilimia 65 ya 175 mara mbili, yaani 227.5, unapata karibu 608. Tofauti ni milimita 7, kama asilimia moja, hivyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua. Umepunguza sentimita mbili za upana, umepata ubavu mrefu unaovumilia mashimo na kingo za barabara zilizofichwa na theluji, na kwa kawaida unalipa kidogo kuliko ambaye amebaki na inchi 16.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya kushuka inchi: rimu ndogo lazima ipite juu ya breki bila kugusa. Gari la injini kubwa zaidi au toleo la spoti huweza kuwa na diski kubwa. Mwombe fundi aijaribu rimu moja kwenye gurudumu la mbele kabla hujalipia nne.

Hatua ya 4: Soma ubavu wa tairi

Ukikuta 175/65R15 84T, zile herufi na namba za mwisho ndizo watu huziruka. Namba 84 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, yaani kilo 500. Namba 82 ni kilo 475, na 79 ni kilo 437. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye hati za gari lako. Kwenda juu sana nako hakuna faida. Matairi yaliyoandikwa XL yana ubavu ulioimarishwa kwa ajili ya mizigo mizito. Kwenye gari jepesi hukaa magumu na kurukaruka kwenye barabara iliyoganda. Kama saizi yako inapatikana ya kawaida, chukua hiyo.

Herufi ni mwendo wa juu kabisa: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, T ni 190, H ni 210. Kwa gari dogo Q au T inatosha.

Halafu tafuta namba nne ndani ya umbo la yai, mwisho wa mstari unaoanza na DOT. 3824 maana yake ni wiki ya 38 ya mwaka 2024. Mpira wa tairi la baridi hutegemea ulaini wake, na ulaini huo hupotea kwa umri hata kama tairi lilikaa stoo. Samli ikiingia kwenye friji hugeuka jiwe. Ndivyo mpira wa tairi la kiangazi unavyofanya joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ndivyo tairi la baridi lililozeeka linavyoanza kufanya pia. Lililopita miaka sita siwezi kumshauri mtu alinunue, hata meno yake yakiwa marefu.

Hatua ya 5: Kununua

Nunua Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Theluji ya kwanza ikianguka, gereji zote hujaa kwa pamoja na saizi ndogo huisha.

Angalia kibandiko cha Umoja wa Ulaya kwenye tairi jipya. Tangu Mei 2021 kina sehemu ya chini yenye picha ndogo: mlima na chembe ya theluji, na nyingine ya barafu. Picha ya barafu ndiyo inayotenganisha tairi la Kinodiki na lile la Ulaya ya kati, na ukiikariri hutahitaji kumtegemea muuzaji. Usishtuke ukikuta tairi la Kinodiki lina herufi mbaya ya breki kwenye mvua. Ndiyo bei ya ulaini wake. Matairi ya misumari hayamo kwenye mfumo huo wa vibandiko.

Kila mwaka majarida ya Vi Bilägare na Teknikens Värld huchapisha majaribio ya matairi ya baridi. Yasome, ila kumbuka kwamba kwa kawaida hujaribu saizi za magari makubwa kuliko lako, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya wa kwanza na wa tatu isikusumbue. Linalojirudia kwenye majaribio hayo ni kwamba matairi ya bei ya chini kabisa huanguka vibaya kwenye barafu. Na hapa mwenye gari dogo ana bahati yake: tairi bora kabisa la inchi 14 au 15 mara nyingi ni nafuu kuliko tairi la kati la gari kubwa. Usipunguze fedha hapa. Nokian ya Ufini ilianza kutengeneza matairi ya baridi tangu 1934, na jina lake la Hakkapeliitta lina umri wa tangu 1936. Michelin, Continental na Goodyear nazo zina matairi ya Kinodiki ya kuaminika. Ukibanwa, viwanda vikubwa vina majina ya daraja la pili, kama Nordman ya Nokian au Gislaved iliyo chini ya Continental, na hayo ni bora mara nyingi kuliko jina usilolijua.

Ukinunua yaliyotumika kutoka kwa mtu, nenda mchana. Pima kina cha meno kwa kipimo. Tairi jipya lina milimita 8 au 9, na likifika 4 limekwisha kazi hata kama sheria inasema 3. Soma DOT ya kila moja, si ya lile linaloonekana tu. Kwa ya misumari, pitisha kiganja taratibu: misumari iwe imechomoza, haichezi, na matairi yote manne yawe nayo kwa idadi inayokaribiana. Tairi lililobaki na mashimo matupu mengi ni la kuachwa hapo hapo.

Na ni manne, daima. Kuna anayefunga mawili mapya mbele kwa kuwa ndiyo yanayovuta, nyuma akaacha ya kiangazi. Gari dogo tayari ni jepesi nyuma, injini ikiwa mbele. Ukishika breki kwenye kona, mbele itashika na nyuma itazunguka ikupite.

Hatua ya 6: Rimu za pili

Nunua seti ya pili ya rimu za chuma. Kuvua na kuvisha mpira kwenye rimu moja kila msimu huchosha mpira na hulipiwa kila mara, wakati kubadilisha magurudumu mazima unaweza kufanya mwenyewe uwanjani. Hakikisha idadi na umbali wa matundu, ukubwa wa tundu la kati, na aina ya nati au bolti: zenye umbo la koni na zenye umbo la mviringo hazibadilishani, na rimu iliyofungwa kwa nati isiyo yake hulegea. Gari lililotengenezwa kuanzia Novemba 2014 lina mfumo wa kuonya upepo ukipungua. Kama mfumo huo unatumia vihisi ndani ya gurudumu, rimu za pili nazo zinahitaji vyake. Kama unatumia ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, utabonyeza tu kuuanzisha upya.

Hatua ya 7: Kufunga na kujaza upepo

Matairi mengi ya baridi yana mshale wa mwelekeo, ufuate. Yenye meno marefu zaidi yaende nyuma. Kaza nati kwa mtambuko, moja kisha ile inayoikabili, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Usiache hili, hata kama gereji ndiyo iliyofunga.

Upepo hushuka takriban bar 0.1 kila joto likipungua nyuzi 10. Tairi ulilojaza Oktoba kukiwa na nyuzi 10, Januari kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri limepoteza karibu robo ya bar bila pancha yoyote. Pima kila mwezi, tairi likiwa halijaendeshwa, ufuate kipimo cha kibandiko. Usipunguze upepo makusudi ukidhani litashika zaidi.

Mifuko ya mchanga kwenye buti pia usiweke. Ilifaa kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya nyuma. Gari lako linavutwa mbele, na mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua na kuyapunguzia uzito magurudumu yanayokuvuta na kukuongoza.

Hatua ya 8: Kilomita za mwanzo

Misumari mipya inahitaji kukaa vizuri kwenye mpira. Kwa kilomita 500 za kwanza ondoka taratibu, kata kona taratibu, epuka breki za ghafla. Halafu tafuta uwanja mtupu wa maegesho wenye barafu, endesha kilomita 20 au 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu zote. Utasikia pedali ikitetemeka. Hiyo ni ABS inafanya kazi, usiachie. Rudia hadi mguu uzoee, na mwenzi wako anayeendesha gari hilo hilo afanye vivyo hivyo.

Hatua ya 9: Kuvua na kutunza

Aprili ikifika, andika kwa chaki kila gurudumu lilikuwa wapi, lioshe chumvi, likauke, uliweke mahali penye giza na ubaridi. Ukiishi ghorofani bila stoo, gereji nyingi hutunza kwa malipo ya msimu. Wanaita däckhotell, na mara nyingi bei hujumuisha kubadilisha.

Yakifika mwisho, yapeleke dukani yarejelezwe. Najua kishawishi cha kuyatia kwenye kontena pamoja na vitu vya kutuma nyumbani, maana meno ya milimita 4 nyumbani huonekana kama tairi zima. Mpira ule umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana hulainika kupita kiasi, huisha haraka, na umbali wa kusimama huongezeka. Ndugu yako atakayeyafunga kwenye Vitz yake hatakuwa na namna ya kulijua hilo.